Spidi au Hisia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Gitaa la Solo

Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi, nimeulizwa na wenzangu wa bendi, na mengine nimejiuliza mwenyewe usiku, gitaa likiwa pajani na watu wamelala. Nimeyaacha yafuatane yanavyokuja. Mimi nilianza nikiwa mpenzi wa spidi, tena mpenzi kipofu, kwa hiyo ukiona naikosoa ujue najikosoa.

Kwani spidi na hisia ni maadui?

Hapana, ingawa nawajua watu wazima ambao nusura wasisalimiane kwa sababu ya swali hili. Mmoja anasema mpiga solo anayekimbia hana moyo. Mwenzake anamjibu kwamba asemaye hivyo ameshindwa kukimbia, ndiyo maana anasema sizitaki mbichi hizi. Kila mmoja ana kaukweli kake. Wapo wanaojificha nyuma ya neno "hisia" kwa kuwa hawajafanya mazoezi, na solo ya polepole iliyopigwa ovyo ni ovyo vilevile, ila hiyo inachelewa kuisha. Wapo pia waliojaza vidole vyao mambo mengi hadi masikio yamekosa pa kukaa.

Spidi ni uwezo wa mkono. Hisia ni uamuzi: noti ipi, lini, kwa nguvu gani, na iachiwe wakati gani. Vitu viwili hivi havina ugomvi wa asili. Vinagombania kitu kimoja tu, muda, na hapo ndipo mambo yanapokuwa ya hesabu, si ya maneno.

Hesabu gani hiyo?

Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 120 kwa dakika. Hayo ni mapigo mawili kwa sekunde. Ukipiga noti nne ndani ya kila pigo unapata noti nane kwa sekunde, na kila noti inaishi milisekunde 125. Sasa vibrato, yaani ule mtikisiko wa noti unaofanya gitaa liimbe. Vibrato ya kawaida, isiyo na haraka, inatikisika mara tano hivi kwa sekunde, maana yake mtikisiko mmoja unahitaji milisekunde 200. Noti imeshakufa kabla mtikisiko wa kwanza haujakamilika!

Panda hadi mapigo 200: noti 13 na kidogo kwa sekunde, kila moja milisekunde 75. Hapo hakuna nafasi ya kuvuta waya pembeni ili noti ipande, ukafika, wala kuacha sauti ififie, wala mtu kuisikia noti kama noti. Sikio linasikia mstari, kama vile macho yanavyoona feni inayozunguka kuwa duara.

Kwa hiyo mtu akikwambia mbio zako hazina vibrato, usimkasirikie. Haziwezi kuwa nayo. Swali la maana ni hili: baada ya kunyang'anywa vibrato, mkono wako umebaki na nini cha kusemea?

Kabla hujajibu hilo, hisia ni nini hasa? Mbona kila mtu analitumia neno hili anavyotaka?

Kweli linatumika vibaya. Tuliteremshe chini, tuishike noti moja tu.

Kwanza kuna mguso: piki, yaani kile kibao kidogo cha kupigia nyaya, imegonga waya kwa ncha au kwa ubavu, karibu na daraja ambako sauti ni kali, au karibu na shingo ambako ni ya mviringo. Pili, noti imefikaje pale juu: imepigwa moja kwa moja, imetelezeshwa kutoka freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya chini, au imevutwa. Kama imevutwa, imefika haraka au imejikokota? Tatu, ikishafika, imetulia kidogo kabla ya kutikiswa, au imeanza kutetemeka papo hapo kama mtu mwenye homa? Nne, imeachiwa vipi: imekatwa kwa kiganja, imefifia yenyewe, au imemezwa na inayofuata. Tano, imekaa wapi kwenye mdundo: juu ya pigo, mbele yake kidogo, au nyuma kidogo kama mtu anayeingia sebuleni bila papara.

Hayo ni maamuzi matano ndani ya noti moja, na sijataja noti yenyewe ni ipi. Mpiga solo mwenye hisia ni yule anayeyafanya mengi kati ya hayo kwa kukusudia, au ameyafanya kwa miaka hadi yanakuja bila kuitwa. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kupiga solo ileile, noti kwa noti, mmoja ukasimama kumsikiliza na mwingine ukaenda kutafuta maji ya kunywa.

Basi wanaopiga haraka na bado wanagusa moyo wanafanyaje?

Wanatumia vilivyobaki. Vya kwanza ni mikazo. Ukipiga noti 16 zote kwa nguvu sawa unapata cherehani. Ukikaza ya kwanza, ya nne, ya saba, ya kumi na moja, mbio zilezile zinapata mdundo ndani yake na mguu wa msikilizaji unauona. Msikilize Paco de Lucía (1947–2014), Mhispania aliyepiga flamenko bila piki, kwa kupokezana vidole viwili vya mkono wa kulia. Spidi yake inatisha, lakini ukiondoa noti ukabaki na mikazo peke yake bado kuna ngoma ya kuchezeka.

Vya pili ni pumzi. Mpiga tarumbeta lazima avute hewa; mpiga gitaa anaweza kwenda dakika tano bila kupumua, na ndiyo hatari yenyewe. Allan Holdsworth wa Uingereza (1946–2017) alitamani ala ya kupuliza kama saksafoni, akaishia na gitaa, na hilo linasikika: sentensi zake zinaenda mbio ajabu, laini, karibu hazina mlio wa piki, lakini zina mwanzo na mwisho kama za mtu mwenye mapafu.

Halafu kuna mpiga gitaa wa jazi, Django Reinhardt (1910–1953). Mwaka 1928 aliungua kwenye moto uliowaka ndani ya gari alilokuwa akiishi, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na kidogo, vikaharibika. Solo zake alizipiga zaidi kwa vidole viwili vilivyobaki. Mtu mwenye vidole viwili hana anasa ya kukimbia bila sababu. Kila akikimbia, anakwenda mahali.

Na hicho ndicho cha tatu, ambacho kwangu kinazidi vyote: kutua.

Kutua ni nini?

Ni noti ambayo mbio zako zinaishia, na kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, iliyokuwa ikisikika chini yake wakati huo.

Chukua blues kwenye A. Kodi ya kwanza ni A7, na baadaye inakuja D7. Ndani ya A7 kuna C kali (C#), ambayo kwenye waya wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, iko freti ya 6. Ndani ya D7 kuna C ya kawaida, waya uleule, freti ya 5. Mwambie mwenzako apige kodi hizo mbili, wewe shikilia freti ya 6, na kodi inapobadilika shuka freti moja. Noti mbili tu. Utasikia chumba kizima kimegeuka. Hujakimbia, hujavuta, hujatikisa. Umekuwa mahali panapotakiwa wakati unaotakiwa.

Sasa weka mbio zako zote kabla ya hiyo freti ya 5. Panda, shuka, gonga, chomoa, fanya utakavyo, mradi kodi ya D7 ikiingia kidole kiko pale. Mbio zilezile ambazo jana zilikuwa fujo, leo zinasikika kama mtu anayeteremka mlima akijua nyumba iko wapi. Wanafunzi wangu wengi walioambiwa hawana hisia, kasoro yao ilikuwa hii tu. Walikuwa wanaacha kukimbia pale vidole vilipochoka badala ya pale kodi ilipobadilika.

Je, B.B. King hakuwa anaweza kupiga haraka?

Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini nalijibu. B.B. King (1925–2015), mwimbaji na mpiga gitaa wa blues, alijenga mtindo unaojitosheleza, na mbio hazikuwa na kazi ndani yake. Alipoimba hakupiga, alipopiga hakuimba: sauti inasema, gitaa linajibu. Vibrato yake aliitafuta kwa sababu alikuwa na binamu, Bukka White, aliyepiga kwa kutelezesha chuma juu ya nyaya, na yeye King hakuweza mtindo huo. Akawa anatikisa mkono mzima wa shingo ili apate mlio wa kufanana na ule. Alichoshindwa kukipata kikamzalia kitu chake.

Kwa hiyo kuuliza kama angeweza kukimbia ni sawa na kumuuliza mpishi wa supu kama anaweza kujenga ukuta.

Na hao wanaoitwa mashine, wanaofanya kazi ya spidi tupu?

Niseme wazi: wengi wao wanaonewa. Mwaka 1978 Eddie Van Halen aliweka kwenye albamu ya kwanza ya bendi yao kipande cha gitaa peke yake kisichofika dakika mbili, akigonga shingo kwa mikono yote miwili, na wapiga gitaa wa dunia nzima wakarudi chumbani kwao kufunga mlango. Kugonga shingo kwa mkono wa kulia hakukuanza na yeye. Ila sikiliza jinsi anavyocheka kwenye zile noti. Furaha nayo ni hisia, jamani. Tumezoea kudhani hisia maana yake huzuni.

Miaka sita baadaye, 1984, Yngwie Malmsteen wa Sweden alitoa albamu yake ya kwanza kwa jina lake, na skeli (ngazi za noti) za muziki wa klasiki zikaingia kwenye gitaa la distoshini, ile sauti ya kukwaruza, kwa kasi ambayo wengi hawakuwa wameisikia. Yeye mwenyewe ana vibrato pana, nzuri kabisa. Waliomuiga walichukua mbio wakaacha vibrato, kisha lawama akabebeshwa yeye.

Kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza ya wimbo wa Kongo, je? Pale gitaa linakwenda mbio na hakuna anayelalamika.

Swali zuri kuliko yote, kwa sababu linauvunja mjadala wenyewe. Kwenye rumba na soukous ya Kongo solo haisimami peke yake kama mtu anayetoa hotuba. Kuna solo, kuna mi-solo (gitaa la kati ya solo na rithimu), kuna rithimu, kuna besi, na kila gitaa limeshika kipande chake. Sebene ikianza, mpiga solo anachukua kamstari kafupi, anakarudia, anakageuza kidogo, anakarudia tena. Diblo Dibala, aliyevuma miaka ya 1980 akiwa na Kanda Bongo Man, aliitwa "Machine Gun" kwa sababu ya kasi yake, na jina hilo lilikuwa sifa.

Kwa nini halikuwa tusi? Kwa sababu spidi ile haimwambii msikilizaji "nitazame". Inamwambia "inuka". Noti zinakwenda haraka lakini wazo linakwenda polepole: mstari mmoja unaweza kukaa nusu dakika kabla haujabadilika, na ukibadilika ukumbi wote unajua. Hisia iko kwenye marudio, kwenye ule muda wa kusubiri. Franco (1938–1989) wa OK Jazz alikuwa bingwa wa hilo, angekomaa na noti mbili tatu hadi ukahisi ameukunja wimbo mkononi. Docteur Nico (1939–1985) upande wake alikuwa na mkono mwepesi, wa kuchora maua. Mashabiki walibishana nani zaidi, na sikumbuki kusikia aliyebishana kwa kuhesabu noti kwa sekunde.

Kwa hiyo ukitaka kuipima spidi yako, usihesabu noti tu. Hesabu mawazo. Noti kumi kwa sekunde na wazo moja kwa nusu dakika, msikilizaji yuko nawe. Noti kumi kwa sekunde na mawazo mapya matatu kila sekunde, umeshampoteza.

Vibrato yangu inasikika kama mbuzi. Nifanyeje?

Karibu chamani. Tatizo la kawaida ni kutumia kidole badala ya kifundo cha mkono. Kidole hakina nguvu ya kurudia kitu kilekile kwa usawa. Weka kidole cha tatu kwenye waya, vingine viwili nyuma yake vimsaidie, ubavu wa kiganja uguse chini ya shingo, kisha zungusha kifundo kama unavyofungua kitasa cha mlango. Waya upande, urudi sawasawa kwenye noti yake, upande, urudi. Hapo kwenye kurudi ndipo mbuzi anapotokea: wengi hawarudi hadi chini, kwa hiyo noti nzima inabaki juu na inasikika kali.

Fungua metronomu kwenye mapigo 60. Tikisa mara mbili kwa kila pigo, kwa dakika moja. Halafu tatu. Halafu nne. Inachosha akili kuliko mkono. Na jifunze kusubiri: piga noti, iache iwe wima nusu pigo, ndipo uitikise. Mwimbaji mzuri hufanya hivyohivyo na neno la mwisho.

Nikivuta waya haufiki, au unapitiliza. Kuna dawa?

Iko. Piga waya wa pili, freti ya 5. Hiyo ni E. Isikilize. Sasa nenda waya wa tatu, freti ya 7, ambayo ni D, uivute hadi ifanane na ile E. Piga zote mbili kwa pamoja: zikiwa hazijafanana utasikia mawimbi, wou-wou-wou, na kadiri unavyokaribia yanapungua mwendo, ukifika yanatulia. Hilo ni pimio la bure, halina betri. Fanya mara kumi kila siku kwa wiki mbili, masikio yako yataanza kukataa uvutaji mbovu yenyewe.

Nyongeza ndogo: Albert King alikuwa wa mkono wa kushoto na aliligeuza gitaa la mkono wa kulia bila kubadilisha mpangilio wa nyaya, kwa hiyo nyaya nyembamba zilikuwa juu na alikuwa akizivuta kwenda chini, kwa uzito wa mkono. Ndiyo maana uvutaji wake ni mpana hivyo. Usigeuze gitaa lako, ila ujue kwamba nguvu inatoka mkononi, si kwenye ncha ya kidole.

Nataka spidi hata hivyo. Naipataje bila kuharibu mengine?

Itake, hakuna ubaya. Spidi chafu ni uchafu uliofanyiwa mazoezi polepole ukapandishwa kasi. Chukua mstari wa noti nane hivi, si skeli nzima. Upige kwa kasi ambayo unaweza kuongea huku unapiga. Tazama mkono wa piki: ncha inatoka nje ya waya kiasi gani? Kama inaruka sentimita nzima, hapo ndipo kasi yako inapopotelea. Mabega yameshuka? Dole gumba la mkono wa shingo linabana kama unafua nguo? Legeza.

Ukishapiga safi mara tano mfululizo, panda mapigo manne au matano. Ukikosea mara mbili, rudi. Na mara mojamoja jaribu kitu kingine: piga noti tano tu kwa kasi kubwa kuliko uwezo wako, kisha nyamaza kabisa, kisha tena. Mkono unahitaji kujua kukimbia kunahisije, na kupanda ngazi peke yake hakufundishi hilo.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba kikwazo kikubwa huwa mikono miwili kutokutana. Piki inafika kabla ya kidole, au kidole kabla ya piki, na matokeo yake ni mlio wa kokoto. Kuipunguza hiyo tofauti kunakupa "spidi" bila kuongeza hata pigo moja, maana noti safi husikika haraka kuliko noti chafu za kasi ileile.

Nifikie mapigo mangapi ndipo niitwe mpiga solo?

Swali hili halina jibu. Ukiweza noti nne kwa pigo kwenye 120, safi, zenye mikazo, nyimbo nyingi hazitakushinda. Zaidi ya hapo ni suala la muziki unaoupenda.

Distoshini na eko zinaongeza hisia?

Distoshini inarefusha noti, na noti ndefu inakupa muda wa kufanya ule uamuzi niliousema. Kwa hilo inasaidia. Lakini inasawazisha nguvu: ukigusa kwa upole au ukigonga kwa hasira, sauti inatoka karibu sawa, kwa hiyo inakunyang'anya mguso. Ipunguze mpaka uanze kusikia tofauti kati ya pigo jepesi na zito, hapo ndipo mahali pake. Eko nyingi hufunika makosa, kisha hufunika na wewe.

Jeff Beck (1944–2023) aliacha piki miaka ya 1980 akawa anapiga kwa dole gumba na vidole, kidole kidogo kikicheza na kitufe cha sauti na mkono ukiegemea wenzo wa daraja, ule wa kuyumbisha noti. Karibu kila kitu alichotaka kubadilisha kilikuwa chini ya kiganja chake.

Nyumbani napiga vizuri, jukwaani nakimbia kama nafukuzwa. Nina tatizo?

Una moyo unaodunda haraka, basi. Wasiwasi ukipanda, kila kitu cha bendi kinaonekana kimezubaa, na mkono unataka kukiharakisha.

Niliwahi kupewa nafasi ya solo ya vipande (baa) 16 kwenye wimbo wa polepole. Nilikuwa nimeandaa kitu cha kutua vizuri, cha heshima. Taa zikawaka, nikamaliza mipango yangu yote kwenye vipande sita. Vilibaki kumi. Sikuwa na la kusema, nikaanza kupanda na kushuka skeli, kasi juu ya kasi, jasho linanitiririka machoni. Watu walipiga makofi. Nikashuka nikijiona mfalme. Wiki iliyofuata nikasikiliza rekodi: mpiga ngoma alikuwa amejitahidi kunirudisha mara tatu, anaugonga mdundo kwa nguvu ili nimsikie, na mimi sikuwa hapo. Makofi yale sijui yalikuwa ya nini. Huenda ya pole.

Tangu siku hiyo nikipanda na solo, ninafanya hivi: noti ya kwanza siipigi kwenye pigo la kwanza. Naliacha pigo zima lipite. Wakati huo namsikiliza mpiga ngoma. Ni sekunde moja tu, lakini kwa mtu mwenye wasiwasi sekunde hiyo ina urefu wa barabara, na ukiivuka umeshatulia.

Mwimbaji wetu analalamika ninamfunika. Ananionea?

Pengine hapana. Wakati anaimba, kaa kimya au shika kitu kidogo cha nyuma. Akivuta pumzi mwisho wa mstari, pita hapo. Haraka au polepole, pita kisha ondoka kabla hajarudi. Ukitaka darasa, sikiliza rekodi za Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hiyo hawezi kujigombanisha mwenyewe, na utasikia jinsi gitaa linavyomngoja.

Ninakili solo za watu noti kwa noti, au nitapoteza sauti yangu?

Nakili. Sauti yako haipotei kirahisi hivyo. Wengi wetu tunatamani ingepotea kidogo. Ila usianze na gitaa. Imba kwanza. Imba solo nzima kwa mdomo, la-la-la, pamoja na mivuto na vimya vyake, ndipo ushike gitaa. Sehemu ambayo mdomo umeshindwa kuiimba ndiyo sehemu ambayo vidole vitaipiga bila kuielewa.

Baadaye geuza jaribio: piga solo yako mwenyewe huku ukiimba unachopiga. Utagundua mdomo unachoka na kutafuta pumzi. Pale unapovuta pumzi, gitaa nalo linyamaze.

Mkono unauma nikifanya mazoezi ya kasi. Nikaze tu?

Usikaze. Kuchoka kwa msuli ni sawa. Maumivu, ganzi au kuchomachoma kwenye kifundo ni amri ya kuacha. Pumzisha, anza upya polepole, na ikiendelea muone daktari. Hakuna solo yenye thamani ya kifundo.

Nimeanza nikiwa mtu mzima. Spidi itakuja?

Itakuja, ila kwa mwendo wake. Una faida moja: umeshasikiliza muziki miaka mingi, kwa hiyo masikio yako yametangulia mkono. Kijana huwa kinyume chake, na yeye ndiye mwenye safari ndefu.

Nina dakika 30 tu kwa siku. Nizigaweje?

Dakika tano za vibrato na kuvuta waya, polepole, kwa yale mazoezi ya hapo juu. Dakika kumi za mstari mmoja wa kasi, mmoja tu kwa wiki nzima. Dakika kumi za kutua: chukua kodi mbili, zirekodi zijirudie, na kila unapokimbia hakikisha kodi mpya inakukuta kwenye noti yake.

Tano za mwisho, washa kinasa sauti cha simu na upige solo moja fupi, kama vile kuna watu. Usiisikilize siku hiyohiyo, maana mikono bado inakumbuka ilichokusudia na itakudanganya. Isikilize kesho, kabla hujalitoa gitaa kwenye mfuko.